Tutoze sahani au tutoze paa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushuru wa migahawa na kodi ya majengo Mwanza

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, mawazo mawili huibuka vijiweni na kwenye mikutano ya mitaa. La kwanza ni kuweka ushuru kwenye chakula kinachouzwa migahawani. La pili ni kupandisha kodi ya majengo. Wote wanakubaliana kwamba mitaro ya Mabatini haitajichimba yenyewe na taka za Soko Kuu hazitajizoa, kwa hiyo ubishi ni nani alipie. Mwandishi wa majibu haya ana upande wake, nao hautajificha.

Hivi sheria ya ushuru wa migahawa imeshapita?

Majibu haya yanahusu wazo. Sheria ni jambo jingine, na haipatikani kirahisi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Vyanzo vya mapato ya halmashauri vimetajwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Ushuru mpya wa ngazi ya jiji huhitaji sheria ndogo: wananchi watangaziwe na wapewe nafasi ya kupinga, Baraza la Madiwani lipitishe, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aridhie, kisha itoke kwenye Gazeti la Serikali. Akitokea mtu mlangoni kwako na mashine ya POS kabla ya hatua hizo, muulize kwa upole anatoza kwa sheria ndogo ipi, ya mwaka gani.

Ushuru wa migahawa maana yake nini? Si tunalipa VAT tayari?

Ni asilimia fulani inayoongezwa juu ya bili ya chakula na vinywaji, mwenye mgahawa anaikusanya na kuipeleka halmashauri. Tuseme kiwango ni asilimia 4. Sato wa kukaanga na ugali wa shilingi 15,000 atatoka kwa 15,600.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni kitu kingine. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, inatozwa na migahawa iliyosajiliwa tu, na fedha yake ni ya Hazina. Tangu mwaka 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo sehemu nyingi unazokula mchana hazimo. Kuna pia ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, huo ni wa halmashauri. Ongeza leseni ya biashara na kodi ya mapato. Kabla ya hapo samaki mwenyewe alishalipiwa ushuru huko Mwaloni Kirumba. Ndiyo maana wenye migahawa wakisikia neno ushuru wanakunja uso hata kabla hujataja kiwango.

Kuna mahali wanautoza kweli?

Wapo. Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani, imeugombania kwa miongo. Mwaka 2016 wapiga kura waliukataa ushuru wa asilimia 4 kwenye kura ya maoni. Baadaye sheria ya jimbo ikabadilika, kaunti zikaruhusiwa kuuweka bila kura hiyo, na Mei 2025 bodi ya kaunti ikaupitisha uanze kutozwa Januari 2026. Hoja zilikuwa zile zile utakazozisikia Nyamagana: wanaoutaka walisema wenye nyumba wamebanwa vya kutosha na wageni nao wachangie, wasioutaka wakauliza kwa nini biashara moja tu ndiyo ibebeshwe mzigo.

Ila tofauti moja ni kubwa, na ndiyo inayoamua mambo. Kule kodi ya majengo inafuata thamani ya nyumba na inaingia moja kwa moja kwenye kapu la kaunti. Sisi hatuna hilo la kwanza wala la pili.

Jirani zetu wa ziwa hili wana njia zao. Kenya hutoza asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na migahawa, lakini fedha hiyo ni ya mfuko wa kitaifa wa utalii, Kisumu haiigusi. Uganda ilianzisha ushuru wa hoteli wa serikali za mitaa mwaka 2008, unaotozwa kwa chumba na usiku badala ya sahani. Zanzibar ina ushuru wa migahawa unaosimamiwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya huko, lakini usisahau kwamba mteja wa mgahawa wa Nungwi ameshuka kwenye ndege, wakati wa kwetu ameshuka kwenye daladala.

Kodi ya majengo inakatwaje kwa sasa?

Kwenye umeme. Tangu Agosti 2021 ukinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, unakatwa. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Ukikaa miezi miwili bila kununua umeme, siku utakayonunua utakatwa ya miezi yote miwili, na ndiyo maana wengine hushangaa wameweka elfu tano wakapata uniti za kuchekesha.

Ni njia rahisi kwa mkusanyaji. Hakuna mtendaji anayepanda mlima wa Igogo kugonga milango. Tukubali pia kwamba kabla ya hapo watu wengi hawakuwa wakilipa kabisa.

Basi si wapandishe tu hiyo? Elfu mbili kwa mwezi nani atakufa?

Hatakufa mtu. Swali ni kama jiji litapata kitu. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato. Fedha inayokatwa kwenye LUKU yako ya Nyegezi hupita mlango wa Hazina kwanza, na halmashauri husubiri mgao. Kwa hiyo diwani anayesimama mkutanoni kusema "tupandishe kodi ya majengo" anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Kiwango kinapangwa Dodoma.

Hapo ndipo wazo la kutoza sahani linapopata nguvu. Halmashauri ikinyang'anywa jembe la kwanza hushika lililobaki. Sahani iko karibu: mgahawa una anwani, una leseni, na afisa biashara anaujua. Sidhani kama kuna mtu halmashauri aliyekaa akafikiri kwamba kumtoza mla wali ni haki zaidi kuliko kumtoza mwenye jumba. Imekuwa hivyo kwa sababu wa pili hafikiki.

Eti jumba la Capri Point na vyumba viwili vya Mabatini wanalipa sawa?

Kama jumba halina ghorofa, ndiyo. Shilingi 1,500 kwa mwezi kila mmoja.

Hili ndilo jambo ambalo mjadala wote ungepaswa kulizunguka, na ndilo linalorukwa. Nenda Capri Point uone nyumba ya chini iliyotandazwa kwenye kiwanja kikubwa, bustani inashuka hadi majini, lami mlangoni, taa za barabarani. Halafu panda Mabatini, au upande wa Bugando kule juu ya mawe, ambako mtu kajenga vyumba viwili juu ya jabali kwa tofali alizopandisha kichwani. Maji yanamfikia kwa shida, gari la taka halifiki kabisa, mvua ikinyesha anatazama jiwe lililo juu yake. Mfumo wa sasa unawaona hawa wawili ni "nyumba ya kawaida".

Zamani, sheria ya kodi ya majengo ya mijini ya mwaka 1983 ilitaka majengo yathaminiwe, na kila mmoja alipe kulingana na thamani. Kazi ya uthamini ni ghali, wathamini ni wachache, orodha zikachakaa, na viwango vya mkupuo, vya sawa kwa wote, vikaonekana ni nafuu. Ni nafuu kweli, lakini kwa mkusanyaji na kwa mwenye jumba.

Piga hesabu hii, ni mfano tu na si kiwango cha sheria. Tuseme kodi ni moja ya elfu ya thamani ya jengo kwa mwaka. Nyumba ya milioni 400 italipa 400,000. Nyumba ya milioni 12 kule mlimani italipa 12,000, pungufu ya hiyo 18,000 inayokatwa leo. Mapato yanaongezeka na mnyonge anapunguziwa. Sielewi kwa nini hoja hii haisikiki mara nyingi, labda kwa sababu wenye nyumba za milioni 400 ni watu wanaosikilizwa kwa urahisi.

Na si lazima kila nyumba itembelewe na mthamini. Ukubwa wa jengo kwa mita za mraba na daraja la mtaa vinatosha kuanzia. Urasimishaji wa makazi umeshapima viwanja vingi kwenye milima hiyo hiyo, ramani zipo.

Wageni ndio watakaolipa ushuru wa migahawa, si sisi. Kweli?

Inategemea mgeni ni nani. Ukisema wageni, picha inayokuja ni mtalii anayeelekea Serengeti, anakula sangara wa kuchoma huku akipiga picha jiwe la Bismarck. Wapo, wanakaribishwa.

Lakini kaa Bugando saa saba mchana. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda: watu wanatoka Geita, Simiyu, Mara, Kagera, Shinyanga. Mgonjwa yuko wodini, ndugu wawili wanamuuguza, wanakula nje ya geti asubuhi, mchana na jioni kwa sababu hawana jiko mjini. Nenda Malimbe ukaone wanafunzi wa SAUT, au stendi ya Nyegezi. Hao nao ni wageni wa Mwanza, na ndio wanaokula nje kwa wingi kuliko mtu yeyote. Mwenyeji mwenye nafasi anarudi kula kwake, au anafungashiwa chakula kutoka nyumbani.

Tukilinganisha kwa shilingi, nani analipa zaidi?

Chukua fundi viatu wa Makoroboi anayekula chakula cha mchana cha 3,000, siku 22 kwa mwezi. Hiyo ni 66,000. Asilimia 4 yake ni 2,640 kwa mwezi, au 31,680 kwa mwaka.

Sasa mwenye nyumba. Kodi ikipanda kutoka 1,500 hadi 2,000, anaongeza 6,000 kwa mwaka. Fundi viatu angebeba zaidi ya mara tano ya nyongeza hiyo, kwa sababu ya wali maharage. Na ile 31,680 yake ni kubwa kuliko 18,000 yote anayolipa leo mwenye jumba la chini la ziwani.

Nina mgahawa Kirumba, viti ishirini. Nitamwongezea mteja au nitabeba mwenyewe?

Kwenye karatasi unamwongezea mteja. Mtaani mambo ni mengine. Ulipokuwa unauza sahani kwa 4,000, huwezi kuandika 4,160, hakuna mwenye chenji hiyo. Utaweka 4,500 upoteze wateja, au utabaki 4,000 umeze mwenyewe.

Ukimeza, hesabu ni hii. Sahani 60 kwa siku ni 240,000. Asilimia 4 ni 9,600. Kama baada ya samaki, unga, gesi, mafuta, pango na wasaidizi unabakiwa na 12 katika kila 100, faida yako ya siku ni 28,800. Ushuru unakula theluthi nzima ya faida, ingawa mtangazaji redioni atasema ni "asilimia nne tu". Ushuru wa mauzo haujali kama leo umepata au umekosa. Siku ziwa limechafuka na sato amepanda bei, bado unadaiwa ile ile.

Na mama lishe?

Wanaoleta wazo hili husema mama lishe hatahusika. Ningependa kuamini. Kamba hukatikia pabovu, na mara nyingi ushuru uliolengwa kwa wakubwa huishia kwa yule ambaye sufuria lake linaweza kubebwa na mgambo. Mgahawa mkubwa una mhasibu wa kukata rufaa. Mama lishe wa Mwaloni ana meza, mabenchi mawili na wateja wanaokopa hadi Ijumaa.

Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vikiwa na ahadi ya kutosumbuliwa na tozo nyingine. Waliovinunua wanakumbuka jinsi ahadi hiyo ilivyotofautiana kutoka soko hadi soko. Kwa hiyo kama ushuru huu utakuja, msamaha wake uandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe, kwa kipimo kinachoonekana kwa macho. Mfano: asiyelazimika kuwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, asitozwe. Msamaha wa kutamkwa mkutanoni mgambo hausikii.

Mimi mpangaji. Kodi ya majengo inanihusu nini?

Kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba. Kiutendaji anayenunua LUKU ndiye anayekatwa, naye ni wewe. Serikali ilipoanza utaratibu huu ilisema wapangaji wakubaliane na wenye nyumba kurudishiana. Wachache wanarudishiwa. Weka kumbukumbu za manunuzi ya umeme kwenye simu, na pango linapofika mwisho zungumza naye kwa hesabu mkononi: 1,500 mara miezi kumi na miwili. Mwenye nyumba mwungwana ataipunguza kwenye pango. Akikataa, angalau naye atakuwa ameisikia.

Ndiyo maana hata mimi ninayependelea kodi ya majengo siifurahii namna inavyokatwa. Kodi ya mali inayolipwa na asiye na mali imepotea njia.

Mama yangu ana miaka 70, nyumba ni yake. Analipa?

Mtu mwenye miaka 60 au zaidi husamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, isiyo ya biashara. Msamaha haujileti wenyewe, lazima uombwe. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua, kisha nenda ofisi inayohusika na kodi ya majengo ukiwa na kitambulisho na namba ya mita.

Ilemela ikitoza na Nyamagana isitoze, itakuwaje?

Kichekesho. Mji ni mmoja, halmashauri ni mbili: Jiji upande wa Nyamagana, Manispaa upande wa Ilemela. Kirumba na Rock City Mall ziko Ilemela, Makoroboi iko Nyamagana, na kati yao ni nauli ya daladala moja. Ukivuka kwenda Usagara umeshaingia Misungwi. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema hana tena foleni ya kivuko ya kumlazimisha kula upande huu. Mteja anahama kirahisi kuliko nyumba inavyohama. Hii ni sababu moja kubwa ya kupenda kodi ya majengo: paa halina miguu.

Kwa hiyo upande wako ni upi?

Paa kwanza, lakini si kwa kuongeza 500 juu ya kiwango kile kile cha mkupuo. Kodi ifuate ukubwa na mahali, na sehemu kubwa ya fedha ibaki halmashauri ambako nyumba ipo. Hilo linahitaji wabunge, madiwani peke yao hawaliwezi. Ndiyo sababu watu hulikwepa, ni refu.

Ushuru wa sahani siukatai milele. Kwa hoteli kubwa na migahawa iliyo kwenye VAT, kwa kiwango cha chini, Jiji na Manispaa wakikubaliana kiwango kimoja, naweza kuuelewa. Kuutanguliza kabla ya kugusa jumba la ziwani, hapana.

Mtaa wetu una mkutano wiki ijayo. Niulize nini?

Usiulize "mnaupinga au mnauunga mkono". Uliza halmashauri ilipokea kiasi gani cha mgao wa kodi ya majengo mwaka wa fedha uliopita, na nyumba ngapi za kata yetu zinakatwa. Uliza ushuru wa huduma unalipwa na wafanyabiashara wangapi kati ya wenye leseni, maana mara nyingi chanzo kipya hutafutwa wakati cha zamani hakijakusanywa vizuri. Uliza fedha ya sahani itakwenda wapi kwa jina: mtaro upi, dampo lipi, barabara ipi. Mtendaji akijibu "maendeleo", rudia swali.

Nyumba yangu moja ina mita tatu na zote zinakatwa. Nifanyeje?

Kodi ni ya jengo, si ya mita. Andika namba za mita zote tatu, peleka TANESCO, eleza kwamba zipo kwenye jengo moja, uombe ibaki moja. Chukua jina la ofisa aliyekupokea na tarehe. Mwezi unaofuata nunua umeme wa kiasi kidogo kwenye kila mita uone kama makato yameondoka, usisubiri mwaka uishe.